Gustave Apanda Majani ya Ng'ombe

Kila asubuhi Gustave aliingia zizini na ndoo yake ndogo ya kukamulia. Mke wake, Clarisse, alimfuata na bidoni, dumu lake la manjano. Gustave alikamua. Clarisse alichuja maziwa kwa kitambaa safi, akafunga bidoni, akaitia kichwani na kushuka sokoni Bunia. Wateja wake walimjua. Kulikuwa na mama wa mkahawa, na muuguzi mmoja, na wazee wawili waliopenda maziwa yaliyoganda.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Nyankunde. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la hekta moja na nusu. Shamba hilo liliteremka polepole mpaka kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na bustani za watu wengine.

Baba yake Gustave alikuwa na ng'ombe wengi sana. Vita viliwamaliza. Gustave alianza tena na mtamba mmoja tu, aliyepewa na mjomba wake. Miaka ilipita, na sasa alikuwa na ng'ombe sita: majike manne na madume mawili. Jike alilolipenda kuliko wote aliliita Bihogo, kwa sababu ya rangi yake ya kahawia yenye wekundu. Bihogo alikuwa na mimba changa.

Zamani, wakati wa kiangazi, ng'ombe walipelekwa mbali kwenye majani mengi. Siku hizi njia za huko hazina usalama. Kwa hiyo ng'ombe wa Gustave walibaki nyumbani mwaka mzima. Walikula shambani asubuhi. Walikula palepale jioni. Majani hayakupata hata siku moja ya kupumzika. Kidogo kidogo yale mazuri yaliisha, ikabaki miiba na majani makali ambayo ng'ombe huyanusa na kuyaacha. Mahali pengine udongo ulibaki wazi, mwekundu, na mvua ikauchukua kuupeleka kijitoni.

Maziwa nayo yalipungua. Bidoni iliyokuwa na lita saba ikawa na lita tano, halafu tatu.

Siku moja Clarisse alirudi kutoka sokoni kabla ya saa tatu ya asubuhi.

"Papa Ornella," alimwambia mume wake, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "yule muuguzi amepata mutu mwingine wa kumuletea maziwa. Amesema hawezi kungojea kila siku kama itafika ao haitafika."

Gustave aliangalia mbavu za ng'ombe wake. Mtu angeweza kuzihesabu akiwa barabarani.

Jioni ile alimpigia simu Stéphane, ndugu ya Clarisse, ambaye anaishi milimani karibu na Kpandroma.

"Shemeji, huku siye tulipanda ray-grass," Stéphane alisema. "Ni majani laini, ngombe inaipenda sana. Maziwa haipungui. Nitakutumia mbegu."

Baada ya wiki moja, dereva wa lori alileta mfuko wa mbegu. Zilikuwa mbegu ndogo, nyembamba, nyepesi kama makapi ya mpunga.

Ilikuwa mwezi wa tisa, na mvua ilinyesha vizuri. Gustave alilima sehemu ya juu ya shamba lake. Akaizungushia miti na miiba ili ng'ombe wasiingie. Akatupa mbegu kwa mkono, akapitisha tawi lenye majani juu ya udongo ili kuzifunika kidogo. Baada ya siku nane zilianza kuota. Baada ya wiki tatu sehemu ile ilikuwa ya kijani kibichi, na majirani walisimama njiani kuitazama. Gustave alisikia furaha ambayo hakuisikia tangu siku nyingi.

Ng'ombe nao waliona. Walisimama kwenye miiba mchana kutwa, wakilia.

Gustave hakuweza kuvumilia kilio kile. Katika wiki ya tano alifungua.

Ng'ombe walikula kwa siku mbili. Waling'oa majani mengi pamoja na mizizi, na udongo ukaning'inia midomoni mwao. Gustave aliona, lakini alifikiri kwamba yatakuwa mengi tena. Hayakuwa mengi tena. Yale machache yaliyobaki yalipata vidoa vya rangi ya kutu. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikatika. Jua la Bunia likawaka. Katikati ya mwezi wa kwanza, ray-grass ya Gustave ilikuwa imekauka yote. Ukiikanyaga, ilivunjika.

* * *

Ng'ambo ya kijito, bustani moja ilikuwa ya mwanamke aitwaye Débora. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Alitoka milimani, upande wa Djugu, akakimbia vita pamoja na wajukuu wake wawili. Mtu mmoja wa kanisa alimpa kipande cha ardhi ili alime. Watu wa mtaa walimwita "ule mama déplacé" tu, yaani mama aliyehamishwa na vita. Kati ya watu wa upande wake na watu wa upande wa Gustave kulikuwa na maneno mengi, na makaburi mengi pia. Kwa miaka mitatu Gustave na Débora walikuwa wamesalimiana kwa kichwa tu, bila kusimama.

Débora alipanda maharagi karibu na maji, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Maharagi yalikuwa yametoa maua.

Asubuhi moja Gustave aliamka akakuta zizi limebomolewa upande mmoja. Bihogo hakuwamo. Kabla hajaanza kumtafuta, alimwona Débora akipanda kilima. Alikuwa anamvuta Bihogo kwa kamba, polepole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa.

Gustave alielewa mara moja. Alisimama akamngoja.

"Ngombe yako ilikuwa katika maharagi yangu," Débora alisema. "Imekula mistari minane. Ingine imeikanyaga."

"Mama, sina cha kusema," Gustave alijibu. "Kama unataka twende kwa chef de quartier, mukubwa wa mutaa, twende."

"Sikukuya kwa matata. Kwa chef tutaongea siku mbili, na maharagi haitarudi." Débora alimpa kamba. "Nataka mbolea ya zizi lako, nipande tena. Na ngombe isirudi."

"Mbolea utapata. Na maziwa, kikombe moja ya wajukuu kila siku, mpaka utavuna."

Débora alikubali. Lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia ile sehemu ya juu ya shamba, iliyokauka. Aliiendea, akapiga magoti, akang'oa kishina kimoja, akakizungusha katika vidole vyake.

"Ulipanda ray-grass," alisema.

Gustave alishangaa. Hakuwahi kumtajia mtu jina lile pale mtaani.

"Weye unaijua?"

"Naijua sana. Hii majani haiko mubaya, papa. Iko tu mbali na kwao. Inapenda mulima, inapenda baridi. Huku kwenu kuko joto."

Gustave alisikia vibaya. Ng'ombe lilikuwa jambo la baba yake na la babu yake. Leo mwanamke wa bustani, tena mgeni, alikuwa anamfundisha mambo ya ng'ombe shambani mwake mwenyewe.

"Aksanti, mama," alisema kwa ukavu. "Mbolea utakuja kuchukua kesho."

Débora aliinuka, akapangusa magoti, akaenda zake.

Clarisse alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Ule mama alikuwa na kitu cha kusema, na weye ulimufunga kinywa," alimwambia.

"Yeye anajua maharagi," Gustave alijibu. "Ngombe ni kitu kingine."

* * *

Mwezi wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Gustave alitembea mbali kutafuta majani kando ya barabara. Alirudi na mzigo mmoja, na ng'ombe sita waliumaliza kabla hajapumzika. Maziwa yalifika lita moja na nusu. Clarisse aliacha kwenda sokoni.

Siku ya Jumatatu Bihogo alilala chini na hakuinuka.

Gustave alimvuta kwa kamba. Akamsukuma. Bihogo alijaribu, miguu ya nyuma ikatetemeka, akaanguka tena. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamwangalia macho na ulimi, akampima joto. Akampiga sindano moja. Halafu akafunga mkoba wake.

"Haiko na ugonjwa ya kuambukiza," alisema. "Iko na njaa. Sindano itaisaidia kidogo, lakini dawa ya njaa mimi sina mu mkoba. Mutafute majani mabichi. Na musiiache ilale upande moja tu."

Gustave aliketi chini karibu na kichwa cha Bihogo. Hakujua aende wapi. Kila mahali palikuwa pakavu.

Mchana, Débora alifika tena kuchukua mbolea. Aliona ng'ombe chini. Alitua karai lake, akageuka na kurudi alikotoka. Gustave alifikiri kwamba amekwenda kwa sababu ya hasira ya maharagi, na hakumlaumu.

Baada ya nusu saa Débora alirudi. Kichwani alikuwa na fungu kubwa la matembele, majani ya viazi vitamu, mabichi, bado yenye maji. Aliyakata katika bustani yake. Ilikuwa mboga ambayo yeye na wajukuu wake walikula kila siku.

"Mutusaidie, mama Ornella," alimwambia Clarisse. "Tuikalishe kwa kifua, isilale kwa ubavu. Weka majani makavu huku na huku iishikilie."

Watatu walimwinua Bihogo akae sawasawa. Débora alimpa maji kwanza, yenye chumvi kidogo. Kisha akampa matembele, machache machache.

"Hapana kumupa yote mara moja," alisema. "Tumbo lenye njaa linaweza kuvimba. Kila baada ya saa tatu mumugeuze, upande wa kuume, upande wa kushoto, miguu isikufe."

Walifanya hivyo Jumatatu yote, na Jumanne. Débora alileta matembele mara nne. Jumatano asubuhi Bihogo alijikaza, akainua nyuma, akabaki amepiga magoti ya mbele kwa muda, kisha akasimama. Alitetemeka, lakini alisimama.

Clarisse alijifuta macho kwa kitenge. Gustave alimgeukia Débora.

"Mama Débora, mbele ya vita, huko kwenu, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa monitrice agricole. Myaka kumi na mbili. Nilizunguka vijiji kufundisha batu kulima, na kupanda majani ya ngombe. Hiyo ray-grass, mimi mwenyewe niliipandisha na batu mingi kule mulimani."

"Na juu ya nini haukutuambia?"

"Hakuna mutu aliniuliza," Débora alisema.

Gustave aliinamisha kichwa. Kisha akaleta kiti, akakipangusa vumbi kwa mkono, akamwomba aketi.

"Basi leo mimi nakuuliza," alisema. "Nilikosa wapi?"

Débora aliketi. Clarisse alimletea chai.

"Ulikosa mara mbili," Débora alianza, "na kosa ya kwanza haiko yako sana. Ray-grass ni ya mahali pa juu, penye baridi na mvua mingi. Kule mulimani inafaa kabisa. Huku jua inaichoma, na ile kutu inaikamata. Kosa ya pili ni kulisha mbele ya wakati. Majani yoyote, kama ni ray-grass ao ingine, iko na mizizi midogo kwanza. Ukitaka kujua kama imekomaa, shika majani kwa vidole viwili, uvute sawa ngombe anavuta. Kama inakatika juu, mizizi imeshika, unaweza kulisha. Kama inang'oka, ngojea."

"Ilikuwa inang'oka," Gustave alisema. "Niliona, nikanyamaza."

"Ngombe ilikuwa inalia. Mimi najua ile kilio. Inaumiza mutu."

"Sasa huku kwetu tutapanda nini?"

"Brachiaria. Ni majani mapana, inashika udongo, inavumilia jua. Niliona mutu mumoja iko nayo njia ya Nyankunde. Tutamuomba vipande vyenye mizizi. Chini, karibu na kijito, tutapanda matete, ile kubwa ya kukata. Ile ni akiba ya kiangazi."

Kisha aliuliza jambo ambalo Gustave hakulitazamia.

"Papa Gustave, unahitaji ngombe sita?"

"Namna gani?"

"Shamba lako ni hekta moja na nusu. Hata ukipanda majani mazuri, haitatosha ngombe sita mwaka muzima. Madume mbili inakula sawa majike, na haikupi maziwa. Ngombe ine yenye kushiba itakupa maziwa mingi kuliko sita yenye njaa."

Gustave aligeuka kuyatazama madume. Madume yale yalikuwa fahari yake. Watu walipopita njiani, ni madume waliyoyaangalia. Clarisse alimwongezea Débora chai. Alijua kwamba neno lake lingefanya jambo liwe gumu zaidi.

"Ndugu yangu Osée iko na nafasi karibu na Nyankunde," Gustave alisema mwishowe. "Nitamupatia ayachunge."

Wiki ile aliyapeleka mwenyewe, kwa miguu, pamoja na watu wengine wenye ng'ombe. Alirudi peke yake, akala chakula cha jioni, akalala mapema. Kesho yake alichukua jembe.

* * *

Walianza mwishoni mwa mwezi wa tatu, mvua iliporudi. Débora alifika asubuhi akiwa na kipande cha kamba chenye mafundo. Kati ya fundo na fundo kulikuwa na nusu meta.

"Huku fundo, huku shimo," alisema.

Gustave alichimba mashimo. Clarisse alitia konzi moja ya mbolea ya zizi katika kila shimo. Ornella na wadogo zake walipanda vipande vya brachiaria, mizizi chini, na kukandamiza udongo kwa kisigino. Kati ya mistari Débora aliwafanya wapande mmea unaotambaa, wenye majani matatu matatu kama ya maharagi. Unaitwa desmodium. Unalisha ng'ombe, na unaongeza nguvu ya udongo.

Hawakupanda shamba lote kwa siku moja. Walipanda nusu ya juu kwanza, wakapanda nusu nyingine wiki zilizofuata. Chini kando ya kijito walipanda matete. Matete yale yalizuia pia udongo usichukuliwe na maji.

Wakati huo ng'ombe wanne walikaa zizini. Familia iliwaletea majani kutoka kando ya barabara, na majani ya mahindi, na maganda ya ndizi kutoka kwa mama wa mkahawa. Ilikuwa kazi ngumu. Jirani yao Tharcisse, mwenye ng'ombe wengi, alipita siku moja akacheka.

"Gustave, umekuwa muboi wa ngombe? Unaipikia na chai?"

Akiondoka, aliongeza kwa sauti ya chini: "Na unaamini ule mama? Unajua anatoka upande gani."

Gustave aliacha kupalilia. Alijua vizuri Débora anatoka upande gani. Alijua pia matembele yalitoka bustani ya nani.

"Anatoka upande wa kijito," alijibu, akaendelea kupalilia.

Walipalilia mara mbili. Katika mwezi wa sita Bihogo alizaa ndama jike, mwekundu kama mama yake. Alizaa bila shida.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Gustave alikwenda kila asubuhi kuyavuta kwa vidole viwili. Yaling'oka bado mahali pengine, na ng'ombe walilia zizini. Mara hii alingoja. Katika mwezi wa nane alivuta hapa, akavuta pale, akavuta mpaka mwisho wa shamba. Yote yalikatika juu.

Hata hivyo Débora hakumruhusu afungue shamba zima. Waligawanya shamba katika vipande sita kwa uzio wa miti mibichi, ile inayoota yenyewe ukiichomeka.

"Kipande cha kwanza siku tano," alieleza. "Halafu unafunga, unapeleka ngombe kwa kipande cha pili siku tano. Ukimaliza ya sita, ya kwanza imepumzika siku makumi mbili na tano. Itakuwa imepanda tena."

"Na kama kwa siku tano ngombe haijamaliza majani yote?"

"Ni vizuri isimalize. Weka mukono chini, toka kwa kifundo mpaka kwa ncha ya kidole kirefu. Urefu ule ubakie. Majani inakula jua kwa ile inayobaki. Ukiikata mpaka kwa udongo, itaota na nguvu ya mizizi tu, na mizizi itachoka. Kama umefika urefu ule mbele ya siku tano, toa ngombe. Usiangalie kalenda, angalia majani."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi majani inakwenda polepole, basi iache ipumzike zaidi ya siku hizo. Pale utakata matete. Ikate ikifika kwa kiuno yako, usingoje izeeke. Na maji ya kunywa, kila siku, na chumvi."

Ornella aliandika yote katika daftari, akachana ukurasa mmoja na kuubandika nyuma ya mlango.

Gustave hakufaulu kila mara. Katika mwezi wa kumi alisafiri kwenda kwenye matanga, na ng'ombe walibaki kipande kimoja siku tisa. Kipande kile kiliumia. Aliporudi, alikifunga miezi miwili mizima, akakitia mbolea. Kilipona, lakini alikuwa ameona hasara kwa macho yake.

* * *

Kiangazi kilifika tena. Vilima vya pembeni mwa Bunia vilibadilika rangi, kwanza manjano, halafu kahawia. Ng'ombe wa Tharcisse walianza kupita njiani kutwa nzima, vichwa chini.

Shamba la Gustave lilikuwa bado na rangi ya kijani. Haikuwa kijani ya mvua, lakini ilikuwa kijani. Kijitoni matete yalisimama. Kila jioni Gustave alikata mzigo, akaukatakata vipande vidogo kwa panga, akautia katika hori la kulishia. Ng'ombe wanne walikula, kisha walilala na kucheua.

Asubuhi bidoni ya manjano ilijaa lita tisa, na Clarisse alinunua ya pili. Yule muuguzi alirudi mwenyewe kumtafuta sokoni.

Tharcisse naye alikuja. Safari hii hakucheka. Alisimama kwenye uzio muda mrefu, akauliza kama angeweza kupata vipande vya kupanda mvua ikirudi.

"Utapata," Gustave alimwambia. "Lakini kwanza utakwenda kumuona mama Débora, umuambie uko na ngombe ngapi. Umuambie ukweli."

Tharcisse alikwenda. Wengine walimfuata. Mwisho wa mwezi wa kwanza watu kumi na moja walikusanyika shambani kwa Gustave siku ya Jumamosi, na Débora akawafundisha kwa saa mbili, akitembea kutoka kipande hadi kipande.

Watu walipoondoka, Gustave alimwomba abaki. Alikwenda zizini, akarudi akimwongoza mtamba wa Bihogo. Alikuwa na miezi saba, manyoya yake yaling'aa. Gustave alimnyoshea Débora kamba.

"Hii ni yako," alisema.

Débora alirudisha mikono nyuma.

"Papa Gustave, hapana. Maharagi ulikwisha kuyalipa."

"Haiko ya maharagi."

"Sina hata fasi ya kuifunga. Nyumba ninamolala ni ya mutu. Kesho nitaitwa nirudi kwetu, ao sitaitwa, sijui. Ngombe nitaiweka wapi?"

"Itakula hapa," Gustave alisema. "Ikizaa, itazaa hapa. Siku utarudi kwenu, tutaipeleka pamoja. Kama haurudi, weye utaingia na kutoka katika uzio huu namna unapenda. Nimesema mbele ya mama Ornella."

Clarisse aliitikia kwa kichwa.

Katika nyumba za wafugaji, mtu wa kupita hapewi ng'ombe. Hupewa ndugu. Débora alijua jambo hilo, na Gustave alijua kwamba analijua. Hakuna aliyelisema.

Débora aliangalia vilima vya kaskazini, upande wa kwao. Kisha alimsogelea mtamba, akampitisha mkono mgongoni, akampapasa mbavu zilizofunikwa na nyama. Alichukua kamba. Akainama, akachunguza shingo.

"Kamba hii inamubana," alisema. "Mulete kisu, niilegeze."